Jinsi Uhusiano na Watu Unavyorefusha Maisha ya Mzee: Mwongozo Kamili wa Kuujenga na Kuulinda

Baba yangu alipofikisha miaka 78, miezi minane baada ya kumzika mama, aliniambia kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba watu wamemsahau. Sikubishana naye. Nilichukua simu yake pale mezani nikaiangalia: simu 41 hazikupokelewa, ndani ya wiki tatu na siku kadhaa. Mjukuu mmoja aliyekuwa akiichezea alizima mlio, na mzee hakujua kwamba mlio wa simu unaweza kuzimwa. Muda wote huo aliiweka kwenye kiti cha pembeni, akaisubiri ilie.

Hilo lilimalizika kwa kubonyeza kitufe kimoja. Mengine hayakuwa mepesi hivyo, na ndiyo yaliyonisukuma nianze kusoma kwa nini mzee aliyezungukwa na watu huishi zaidi ya aliyebaki peke yake, na nini hasa cha kufanya. Nimeandika kwa ajili ya mtu mwenye mzazi, bibi, babu au jirani aliyezeeka. Kama mzee ni wewe mwenyewe, hatua ni hizi hizi, ila utajipangia badala ya kupangiwa, na hiyo ni bora zaidi.

## Kabla ya hatua: tunajua nini kwa uhakika

Mwaka 1965, kaunti ya Alameda huko California, watafiti waliwahoji maelfu ya watu wazima kuhusu afya na maisha yao. Baada ya miaka tisa wakaangalia nani yuko hai na nani kafariki. Lisa Berkman na Leonard Syme walichapisha matokeo mwaka 1979. Kati ya watu 6,928, wenye uhusiano haba kabisa (hawana mwenzi, marafiki na ndugu ni wachache, hawamo kwenye nyumba ya ibada wala kikundi chochote) walifariki kwa kiwango cha mara 2.3 kwa wanaume na mara 2.8 kwa wanawake, wakilinganishwa na wenye uhusiano mwingi. Tofauti hiyo ilibaki hata sigara, pombe, mazoezi na hali ya afya ya mwanzo vilipowekwa kwenye hesabu.

Mwaka 2010 Julianne Holt-Lunstad na wenzake waliunganisha tafiti 148 zenye jumla ya watu 308,849, waliofuatiliwa kwa wastani wa miaka 7.5. Waliokuwa na uhusiano imara walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kubaki hai kwa asilimia 50. Namba hii hupotoshwa sana. Haisemi kwamba mtu wa miaka 80 ataongezewa 40 mingine. Inalinganisha makundi mawili ndani ya kipindi kimoja: lile lenye watu lilipoteza wachache kuliko lile lisilo na watu. Mwaka 2015 kundi hilo la watafiti lilitenganisha mambo matatu ambayo sisi huyachanganya. Kukosa watu kulihusishwa na ongezeko la asilimia 29 la uwezekano wa kufa, kuhisi upweke asilimia 26, na kuishi peke yako asilimia 32. Shirika la Afya Duniani nalo, katika ripoti yake ya Juni 2025, lilikadiria kwamba upweke unahusishwa na vifo takriban 871,000 kila mwaka.

Msomaji makini atauliza: je, si maradhi ndiyo yanayomfungia mtu ndani, halafu tunasingizia upweke? Swali zuri, na jibu lake ni kwamba yote mawili hutokea. Mgonjwa hujitenga, na aliyejitenga huugua haraka zaidi. Ndiyo maana tafiti nzuri huanza kwa kupima afya ya kila mtu kisha humfuatilia kwa miaka. Hazimalizi mjadala, lakini zinaelekea upande mmoja kwa zaidi ya miaka 40, na mimi hilo linanitosha kuanza kazi.

Uhusiano unaingiaje mwilini? Njia ya kwanza ni ya kawaida mno hata huonekana haistahili kuandikwa: macho ya mtu wa pili. Mzee akiwa peke yake, mguu uliovimba hauonwi na mtu, vidonge vilivyobaki kwenye pakiti havihesabiwi, na siku aliyozungumza kwa ulimi mzito hakuna aliyesikia. Dalili nyingi za kiharusi hutambuliwa kwanza na mtu mwingine, na matibabu yake yanahesabiwa kwa saa. Njia ya pili ni msongo. Mtu anayejihisi yuko peke yake hulala usingizi wa mang'amung'amu, shinikizo la damu hupanda, homoni ya msongo iitwayo kortiso huvurugika, na mwili hukaa tayari kwa vita ambavyo haviji. Miaka ikienda, moyo na mishipa vinalipa. Njia ya tatu ni sababu ya kuamka. Mtu anayesubiriwa mahali huoga, huvaa, hutembea na hula kwa wakati.

## Hatua ya 1: Hesabu watu, usikisie

Watoto wengi hujibu haraka: "Mama yetu ana watu wengi sana." Keti na karatasi uone. Kuna kipimo kifupi kiitwacho Lubben, chenye maswali sita, kinachotumika kwa wazee duniani kote. Uliza maswali matatu kuhusu ndugu, kisha yale yale kuhusu marafiki (majirani wamo humo):

1. Ni wangapi unaoonana nao au kuwasiliana nao angalau mara moja kwa mwezi?
2. Ni wangapi unaoweza kuwaeleza mambo yako ya siri bila wasiwasi?
3. Ni wangapi walio karibu kiasi kwamba ungewaita wakusaidie?

Kila jibu lina alama: hakuna mtu ni 0, mmoja ni 1, wawili ni 2, watatu au wanne ni 3, watano hadi wanane ni 4, tisa au zaidi ni 5. Jumla ya juu kabisa ni 30. Iliyo chini ya 12 inaashiria kwamba mzee yuko hatarini kubaki bila watu.

Baba alipata 7. Nilikuwa nimekisia 18. Upande wa ndugu alipata 5, upande wa marafiki 2, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba sisi watoto tulikuwa tumejazana kwenye nusu moja ya karatasi huku nusu ya pili ikiwa tupu. Marafiki wake wawili wa karibu walikwisha kufa. Wa tatu alikuwa amehama, na hakuna aliyekuwa na namba yake mpya.

Majibu yaandike kwa majina, si kwa idadi tu. Majina hayo ndiyo utakayoyafanyia kazi mpaka mwisho.

## Hatua ya 2: Pima upweke kando

Kukosa watu na kuhisi upweke ni mambo mawili. Yupo mzee anayeishi na watu tisa na anahisi upweke kila jioni, na yupo anayeishi peke yake kwa raha zake. Utafiti wa Uingereza uliofuatilia watu wapatao 6,500 wenye miaka 52 na zaidi, ukachapishwa mwaka 2013, ulikuta kwamba kukosa watu kulihusiana na vifo hata baada ya afya na mambo mengine kuzingatiwa, ilhali uhusiano wa upweke na vifo ulififia. Tafiti nyingine zimeukuta upweke nao ukihusiana na vifo. Kwa hiyo usimwache mzee aliyejitenga eti kwa kuwa anasema yuko sawa, na usimpuuze anayelalamika eti kwa kuwa nyumba imejaa.

Usiulize "Una upweke?" Wazee wengi watakataa palepale, swali hilo wanalisikia kama tuhuma dhidi ya watoto wao. Uliza hivi, kila moja kwa wakati wake: Ni mara ngapi unahisi huna mtu wa kuwa naye? Ni mara ngapi unahisi umeachwa nje ya mambo? Ni mara ngapi unahisi umetengwa na wengine? "Mara chache" ni 1, "wakati mwingine" ni 2, "mara nyingi" ni 3. Jumla ikifika 6, lichukulie kwa uzito.

Dawa zake pia hutofautiana. Aliyekosa watu anahitaji watu. Mwenye watu na bado ana upweke anahitaji mazungumzo ya aina nyingine, au mtu mmoja wa rika lake anayekumbuka anayoyakumbuka yeye. Wa namna hii ukimwongezea wageni, unamchosha tu.

## Hatua ya 3: Ondoa vikwazo vya mwili, ukianza na masikio

Hatua hii watu huiruka, na kwangu ndiyo ya kwanza kwa faida.

Mwangalie mzee asiyesikia vizuri kwenye kikao cha familia. Anatabasamu. Wenzake wakicheka, anacheka nusu sekunde baada yao. Akiulizwa swali anajibu "Ndiyo, ndiyo," hata kama swali lilikuwa "Unakaa wapi?" Baada ya saa moja anasema amechoka, anaomba kwenda kulala. Kachoka kweli, kwa sababu amekuwa akikisia kila sentensi. Hili likijirudia mara mbili tatu, ataanza kukataa mialiko, na familia itasema amekuwa mkali au amezeeka akili. Hasara haiishii kwenye mazungumzo: jopo la jarida la tiba la Lancet lililochapisha ripoti yake mwaka 2024 liliorodhesha mambo 14 yanayoweza kurekebishwa ambayo huongeza hatari ya demensia (maradhi ya kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri), na upungufu wa kusikia pamoja na kukosa watu yote mawili yamo.

Cha kufanya:

- Mpeleke kwa mhudumu wa afya atazamwe masikio. Wakati mwingine ni nta tu iliyoziba, na inatolewa siku hiyo hiyo. Usiichokonoe nyumbani kwa kijiti.
- Akipewa kifaa cha kusikia, usikubali kiishie kwenye droo. Wiki za kwanza kila sauti huwa kero: kijiko, mlango, nyayo. Aanze na saa chache kwa siku chumbani palipotulia, na arudi kwa fundi kurekebishiwa. Wengine hukata tamaa mapema wakakiacha.
- Zungumza ukiwa mbele yake, mwanga ukiwa usoni kwako. Zima redio. Usipige kelele, kelele huharibu maneno. Taja jina lake kwanza, kisha sema pole pole.
- Mpangie mazungumzo ya watu watatu au wanne. Kikao cha watu ishirini kwake ni ngurumo.

Macho hufuata. Mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji wa muda mfupi, na mzee anayetambua tena sura za watu barabarani hurudi barabarani. Kisha magoti na miguu, kwani hofu ya kuanguka huwafungia watu ndani kuliko kuanguka kwenyewe.

Halafu kuna lile wasilolisema: kushindwa kuzuia mkojo. Mzee anaacha kwenda ibadani, kwenye mikutano, kwa rafiki yake wa zamani, na sababu anazotoa ni joto, usafiri, mgongo. Uliza kwa staha, mkiwa wawili tu, na ikibidi mtume mtu wa jinsia yake. Yapo mazoezi ya nyonga, zipo dawa, na wakati mwingine tatizo linaletwa na dawa anayomeza kwa ugonjwa mwingine. Hata kujua mapema choo kiko wapi pale anapokwenda kunatosha kumrudisha nje.

## Hatua ya 4: Fufua wa zamani kabla ya kutafuta wapya

Rafiki wa miaka 50 hahitaji kuelezwa wewe ni nani. Laura Carstensen, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Stanford, ameonyesha kwamba kadiri mtu anavyoona muda wake umebaki mchache, ndivyo anavyochagua wachache wanaomgusa moyo na kuwaacha wa kupita njia. Basi mzee anayekataa "kukutana na watu wapya" si mkaidi. Anatumia muda wake kwa akili.

Kaa naye na albamu ya picha au daftari la namba za zamani. Kwa kila jina uliza: yuko wapi? Mliachana vipi? Ungependa kumsikia? Baba alitaja majina 23 jioni moja. Kumi na moja walikuwa wamefariki, na nilipaswa kuwa nimejiandaa kwa hilo. Tulinyamaza kwa muda mrefu kati ya jina na jina. Kati ya waliobaki, sita alitaka kuwasikia. Tulimpata wa kwanza kupitia binti yake, wa pili kupitia umoja wa wastaafu wa kazi yao. Hao wawili tu walibadilisha jioni zake.

Simu ya kwanza ipige wewe. Jitambulishe kwa yule mwingine, mwambie fulani yuko hapa na anataka kukusalimia, kisha mpe mzee simu utoke chumbani. Usibaki kusikiliza. Wazee wana mambo ambayo hawawezi kuambiana mbele ya watoto wao.

## Hatua ya 5: Weka ratiba, kwa sababu mapenzi husahau

Sote tunampenda bibi. Kwa sababu hiyo hiyo kila mmoja anadhani mwingine kampigia.

Andikeni ratiba kwenye karatasi, na nakala ibandikwe ukutani kwa mzee, kwa herufi kubwa: Jumatatu fulani, Jumatano fulani, saa kamili. Saa ina thamani kuliko urefu wa maongezi. Simu ya dakika kumi inayojulikana itakuja saa moja jioni humpa mzee kitu cha kusubiri mchana kutwa. Simu ya saa nzima inayoanguka kutoka mbinguni mara moja kwa mwezi haimpi hivyo.

Hili si dhana yangu tu. Jaribio lililofanyika Texas na kuchapishwa mwaka 2021 lilihusisha watu 240 wanaopelekewa chakula nyumbani, wengi wao wazee, na zaidi ya nusu wakiishi peke yao. Vijana 16 wasio na taaluma ya afya waliwapigia simu kwa wiki nne. Wiki ya kwanza walipiga kila siku ya kazi, kisha kila mzee akachagua apigiwe mara ngapi. Upweke, sonona na wasiwasi vilipungua ukilinganisha na wasiopigiwa. Vijana hao walifundishwa kusikiliza na kumwacha mzee achague mada, basi.

Nasi tujifunze hilo. Simu nyingi tunazowapigia wazee ni ukaguzi: umekula, umemeza dawa, miguu inaumaje, haya kwaheri. Dawa iulizwe, ndiyo, lakini mwishoni. Anza na kitu cha kwako: umegombana na bosi, mtoto kafeli hesabu, hujui ununue kipi kati ya viwili. Utashangaa sauti yake inavyobadilika akiombwa ushauri. Na ukiahidi saa moja, piga saa moja. Ukichelewa yeye hukaa karibu na simu na haendi kokote, na huo ni ukatili mdogo ambao hatuuoni.

Hakikisha pia mlio wa simu haujazimwa.

## Hatua ya 6: Mpe kazi ya kweli

Kama ningeruhusiwa kubaki na hatua moja, ningebaki na hii.

Mwaka 2003 Stephanie Brown na wenzake walichapisha utafiti uliofuatilia jozi 423 za wanandoa wazee kwa miaka mitano. Walitaka kujua ni kipi kinalinda uhai: kupokea msaada au kutoa? Waliokuwa wakiwasaidia ndugu, marafiki na majirani, au wakimfariji mwenzi wao, walifariki kwa kiwango kidogo zaidi. Kupokea msaada hakukuonyesha kinga hiyo.

Sasa tazama tunavyowatunza wazee wetu. Tunamwambia mama "pumzika," tunamnyang'anya ufagio, tunamnyang'anya uamuzi, tunamwekea mtu wa kila kitu. Tunafanya kwa heshima. Yeye anabaki ameketi, ametunzwa, hana wa kumhitaji. Mzee wa namna hiyo anaweza kutembelewa na watu kumi kwa wiki na bado akajiona ni mzigo uliopangwa vizuri.

Kazi ya kweli ina sifa tatu. Mtu fulani anaitegemea, isipofanyika, inajulikana, na inalingana na nguvu alizonazo leo. Kumpa mzee maharagwe yaliyokwisha kuchaguliwa ayachague tena ni kumtania, naye anajua. Mifano niliyoiona ikifanya kazi: kumsikiliza mjukuu akisoma kwa sauti kila jioni, hata kwa simu, kutunza daftari la michango ya kikundi, kumpigia mzee mwingine mgonjwa kila asubuhi, kuwa ndiye anayekumbuka tarehe za kuzaliwa na kufiwa za ukoo mzima na kuwakumbusha wengine, kumfundisha kijana ufundi ambao mikono yake mwenyewe haiwezi tena kuufanya lakini mdomo unaweza.

Asiyeweza kuinuka kitandani naye ana la kufanya. Muulize historia ya familia kipande kwa kipande na uandike mbele yake, umsomee, akusahihishe. Baba alipewa kazi ya kumsikiliza mjukuu aliyezima ule mlio akisoma, dakika 20, saa kumi na mbili jioni. Wiki ya pili alilalamika kwamba mtoto kachelewa. Nilifurahi kuliko alivyojua: mtu asiye na ahadi hawezi kucheleweshwa.

Tahadhari moja. Kumtwisha bibi wajukuu wanne kutwa nzima bila kumuuliza ni kumchosha, wala usijiambie unamjengea uhusiano. Muulize, na akikataa kubali.

## Hatua ya 7: Panua aina za watu

Mtafiti Sheldon Cohen, katika utafiti wa mwaka 1997, aliwatilia watu wazima 276 wenye afya virusi vya mafua puani, kwa ridhaa yao, kisha akasubiri nani ataugua. Waliokuwa na aina moja hadi tatu tu za uhusiano waliugua kwa kiwango cha zaidi ya mara nne kuliko waliokuwa na aina sita au zaidi: mwenzi, mtoto, jirani, mfanyakazi mwenzake, mwanakikundi na kadhalika. Hawakuwa wazee (wote walikuwa chini ya miaka 56), lakini kwa wazee jambo hili lina sababu ya ziada. Mtandao wa aina moja huanguka wote kwa pamoja. Mzee ambaye watu wake wote ni watoto wake hubaki bila mtu siku watoto wakigombana.

Kwa hiyo angalia karatasi ya hatua ya kwanza na ujaze upande ulio tupu. Tafuta jambo linalojirudia, mahali pale pale, na watu wale wale: kwaya, darasa, kikundi cha kutembea asubuhi, umoja wa wastaafu, kundi la bao au karata. Tukio la siku moja, hata liwe zuri vipi, halizai urafiki. Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas alikadiria kwamba huchukua kama saa 50 pamoja kutoka kufahamiana hadi urafiki mwepesi, na zaidi ya 200 kufikia urafiki wa karibu. Aliwapima wanafunzi na watu waliohamia mji mpya, basi usizichukue kama sheria, ila zinakupa picha ya subira inayohitajika. Anayekwenda kwenye kikundi saa mbili kwa wiki atahitaji kama nusu mwaka kabla hajasema "rafiki yangu." Mara tatu za kwanza atarudi akisema hapafai. Nenda naye hizo mara tatu, ukae pembeni, urudi naye.

## Hatua ya 8: Punguza wanaomdhuru

Uhusiano mbaya nao ni uhusiano, na mwili unaujua. Mtafiti Janice Kiecolt-Glaser na wenzake waliwatia jozi 42 za wanandoa vidonda vidogo vya ngozi, wakafuatilia kupona kwake. Kwa wenye chuki nyingi kati yao, vidonda vilipona kwa asilimia 60 tu ya kasi ya wenzao. Ndugu anayekuja kumtukana mzee kila mwisho wa mwezi hahesabiwi kama mgeni. Mpunguzie nafasi: aje mtu mwingine akiwepo, na maongezi ya ardhi na urithi yahamie kwenye kikao maalumu chenye mashahidi.

Upweke pia hufungua mlango kwa matapeli. "Rafiki" mpya wa kwenye simu anayempigia kila siku, kisha baada ya mwezi ana shida ya fedha, huwa amefanya kazi ambayo sisi tuliiacha. Usimdhihaki mzee aliyenaswa. Akidhihakiwa ataficha la pili.

## Hatua ya 9: Jiandae kwa miezi ya baada ya msiba

Hatari ya kifo kwa aliyefiwa na mwenzi wa ndoa hupanda, na hupanda zaidi miezi ya mwanzo. Bahati mbaya watu hujaa wiki ya kwanza na kutoweka ya tatu. Ukiwa ndugu au jirani, jiandikie sasa hivi kwenye kalenda: wiki ya nne, ya nane, ya kumi na mbili. Siku hizo utakuwa peke yako mlangoni.

Peleka kitu cha kufanya pamoja, maana kuketi mkitazamana ni kugumu: tupange nguo zake, tupeleke hati hizi ofisini, nisindikize sehemu fulani. Na mtaje marehemu kwa jina. Wengi huliepuka wakidhani wanamhurumia mfiwa, kumbe wanamwondolea watu wawili kwa mpigo.

Akikosa usingizi au hamu ya kula kwa zaidi ya wiki mbili, akaacha kuoga, akaacha dawa, au akasema afadhali angekufa, hilo si la kumaliza kwa kumtembelea. Sonona kwa mzee si sehemu ya uzee, na inatibika. Mpeleke kwa daktari. Akizungumzia kujidhuru, usimwache peke yake mpaka apate msaada siku hiyo hiyo.

## Hatua ya 10: Pima tena baada ya miezi mitatu

Rudia maswali ya hatua ya 1 na ya 2, karatasi mpya, bila kumwonyesha ya zamani. Alama za hatua ya 1 zikipanda hata tatu (za upweke ndizo zinazotakiwa kushuka), endelea ulivyo. Zisiposogea, badilisha jambo moja tu kwa wakati: saa ya simu, au kikundi, au kazi. Zikishuka, rudi hatua ya 3 na uanze na masikio.

Baba alitoka 7 hadi 13. Kwenye swali la nani angemwita amsaidie, upande wa marafiki alitaja wawili. Mmoja nilimjua. Wa pili alikuwa jina ambalo sikuwahi kulisikia, na nilipomuuliza ni nani, alisema ni mtu wake, akaniomba nimpishe kwani simu yake ilikuwa inaita.